Wiki ya Kifuniko Shingoni

Shule yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka mtaani kwetu Pipeline, na ilikuwa imeanza mtindo mpya: asubuhi masomo kwa Kiingereza, mchana kwa Kiswahili sanifu. Mwalimu mkuu alituambia, mimi na mke wangu, tukazungumze na binti yetu kwa lugha hizo mbili wiki nzima, kisha Ijumaa turudi na jibu kama tutamwandikisha. Binti alikuwa na miaka sita na alijua Sheng tu, ile lugha ya vijana wa mtaani, tena Sheng nzito kiasi kwamba mimi babake nilihitaji mkalimani.

Niliitaka shule hiyo kweli kweli. Ninafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi huko Kayole, na mpaka leo akiingia mteja wa Kiingereza, mimi hukimbilia stoo kuhesabu misumari. Sikutaka mwanangu naye aje kuhesabu misumari.

Jumatatu jioni tukaweka sheria. Sisi wawili tulisomea magharibi mwa Kenya, katika shule ambazo ukishikwa ukizungumza lugha ya nyumbani ulivishwa kibao shingoni, ukazunguka nacho mpaka umnase mwenzako akikosea, umvishe yeye. Basi tukatoboa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, tukatia kamba. Kabla ya saa sita ni Kiingereza, baada ya hapo Kiswahili sanifu, na atakayelala nacho ataosha vyombo kesho yake. Tulijiona wazazi wa maana sana.

Mimi ndiye niliyekizindua. Jumanne asubuhi nilijigonga kidole cha mguu kwenye stuli, Kiingereza chote kikanitoka, nikamlilia mama yangu kwa Kimaragoli. Mke wangu alinivisha kabla sijamaliza kulia.

Yeye alijichunga. Alasiri alikwenda kumwomba mama mboga "nyanya tano zilizoiva barabara, tafadhali," na mama mboga akamuuliza kwa upole kama kuna msiba nyumbani. Akaongezewa nyanya ya sita ya pole.

Maji ya ploti yetu, jengo tunalopanga, hayapandi hadi ghorofa ya sita, kwa hiyo Jumatano jioni nilishuka na mitungi miwili, kifuniko kikining'inia kifuani. Jirani wa ghorofa ya nne aliniuliza kama kile kitu ni cha presha. Kumweleza kwa Kiswahili sanifu kungechukua siku nzima, nikaitikia tu kwamba ndiyo. Akataka kujua nilikinunua wapi, maana mamake pia anasumbuliwa. Mke wangu aliposikia hayo alicheka mpaka akaropoka Sheng, na mimi nikamvisha kwa furaha isiyomfaa mtu mzima.

Kufikia Alhamisi binti hakuwa amekivaa hata mara moja. Nikamsifu, nikasema huyu mtoto ni kichwa, amewashinda wazazi wake wawili.

"Babake," mke wangu akaniambia, "huyu mtoto hajasema kitu tangu Jumanne."

Nilianza kubisha, halafu nikakumbuka. Kila jioni nikitoka kazini binti hunisubiri kwenye ngazi na kunipa habari za ploti nzima bila kuvuta pumzi: nani amegombana na keateka anayesimamia jengo, paka wa nani amezaa, ni nani ameanika nguo kwenye kamba ya mwenzake. Wiki hiyo alikuwa akinipokea kwa kutikisa kichwa tu, na mimi nikadhani ni adabu. Niliona aibu, na niliogopa pia. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Kile kibao cha shule kilinifundisha kwamba asiyefungua mdomo havishwi, na nikalishika somo hilo kuliko masomo yote.

Ijumaa tulikwenda shuleni nikiwa nimeamua kukataa. Nilimsimulia mwalimu mkuu habari ya kifuniko, naye akaniuliza nani alitutuma. Yeye alisema tuzungumze na mtoto, basi. Kifuniko kilitoka jikoni kwetu na vichwani mwetu.

Hapo ndipo binti, aliyekuwa amejificha nyuma ya mamake, akatoa kichwa.

"Ticha, huku mtu akibonga vibaya anavishwa?"

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. "Huku tunabonga kwanza," akamjibu kwa Sheng yake. "Kusahihishana maneno ni baadaye."

Binti akamtazama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama anayepima nani kati yetu wa kuaminiwa. Nilimwambia nimekosa, na kwamba nyumbani havishwi mtu tena. Kisha nikatia sahihi fomu ya kumwandikisha.

Hatukufika hata kwenye geti. Alinishika mkono, akaniinamisha mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Dadi," akasema, "niko na stori mob."

Zilikuwa nyingi kweli; akaanzia Jumanne.