Kichwa cha Sato

Shule niliishia darasa la tatu, Magu. Mgahawa wangu wa Kirumba nimeujenga kwa mikono hii, kwa kukaanga samaki, enzi zile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ahangaike mwenyewe. Wakubwa wa nchi mbili zenye majeshi katika nchi ya tatu walipokuja kuzungumza kwenye nyumba ya wageni kule Ilemela, mpishi niliitwa mimi. Sikushangaa. Sato wangu anajulikana.

Nilikwenda na jambo langu moyoni. Binti yangu ameolewa ng'ambo ya ziwa, katika moja ya nchi hizo mbili, na mumewe, askari, alikuwa mwaka wa tatu kwenye vita ya majeshi hayo. Binti alikuwa amerudi kwangu na watoto. Kila asubuhi swali moja: "Baba, askari watarudi lini?"

Kwetu kichwa cha samaki hupewa mwenye neno la mwisho. Nikampelekea kiongozi wa upande wa mkwe wangu. Alikuwa akimwambia msaidizi wake, wala hakushusha sauti, kana kwamba mimi ni kiti:

"Kuondoka tulishaamua zamani. Lakini waanze wao. Tukitangulia sisi, watu watasema tumeshindwa, na uchaguzi ndio huo."

Mimi nilidhani watu wazima wakikaa kuamua vita, wanapima damu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mkwe wangu yuko huko. Kama mlishaamua, leo anapigania nini?"

Msaidizi akacheka. "Mzee naye anataka kiti mkutanoni!"

Mkubwa akafuta vidole. "Mzee, sato wako mtamu. Ongeza pilipili."

Nikaiinua sahani yenye kichwa, nikarudi nayo jikoni. Kumnyang'anya mgeni chakula kwetu ni laana. Nilifanya, na sijutii.

Nyumbani nikamwambia binti, "Wanarudi."

"Lini, baba?"

Nikamwambia aangalie ugali, unaungua.

Mkwe alirudi kweli, mvua zilipokatika, akitembelea magongo. Nilipopata nafasi nikamwuliza mguu aliupoteza lini. Akasema alikanyaga bomu wakilinda barabara, mvua hizohizo zikiwa ndiyo kwanza zimeanza.

Siku ile nilipopika Ilemela kilikuwa bado kiangazi. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye masufuria.