Ng'ombe Kwenye Njia ya Kutua

Jumamosi tulikuwa Mukurweini kwa ruracio, sherehe ya mahari ya binamu yangu, na bwana harusi nusura akose kuyaleta kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyelala langoni.

Mjomba wetu ni mstaafu wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege kutoka kwenye mnara kule Nanyuki. Alipanda juu ya kiti, akawapigia simu wageni wa bwana harusi waliokuwa garini. "Njia ya kutua haiko safi. Zungukieni Kiriaini mpaka niwaite."

Wakazunguka. Mara mbili!

"Mzee, mafuta inaisha," bwana harusi akalia kwenye spika, "na shosho wangu mzee anataka choo."

"Mko wangapi?"

"Kumi na wanane na mbuzi sita."

"Subirini."

Nikamuuliza, "Mjomba, si tumwondoe tu huyu ng'ombe?"

Akaniinulia kiganja bila kunitazama. "Binti, punda milia waliwahi kuingia uwanjani, nikazungusha ndege nne za kivita hewani. Hakuna rubani aliyenung'unika."

Ati hakuna! Kwani ndani walikuwa na shosho wangapi?

Ndipo akatoka binamu yangu, bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa desturi haonekani kabla ya kuitwa. Alikuwa amejifunika leso kutoka kichwani hadi magotini. Akapapasa, akashika kamba, akamburuta ng'ombe hadi migombani.

"Hamjaniona," akasema ndani ya leso, akarudi chumbani.

Mjomba akatazama saa, akainua simu. "Nimewasafishia njia. Tueni."

Wasomaji, hotuba zote zilimshukuru yeye. Hata mimi nilipiga makofi, maana ndiye aliyekuwa akiongoza foleni ya chakula.