Kadi Mbili za Mama Darlène

Mama Darlène anauza laini za simu karibu na maegesho ya malori, Manika, chini ya mwavuli uliopauka mpaka huwezi kusema ulikuwa wa rangi gani. Meza yangu ya kutengeneza simu iko ubavuni mwake, na kwa miaka sita nimekuwa nikimwambia kwamba biashara yake ni ya polepole mno. Dereva anakuja, ameacha injini inanguruma, anataka laini ya Zambia, na mama huyu badala ya kupokea pesa anaanza maswali. Unaenda wapi? Utampigia nani? Nyumbani nani anaumwa? Mimi ningekuwa nimeshauza laini tano!

Bei zote ziko kichwani mwake, tena si zile za kwenye mabango. Kila dereva anayerudi husimama kwake kumwambia uniti zake za simu zilimfikisha wapi: za huyu ziliishia Ndola, za yule zilimpeleka mpaka Chirundu. Mabango, anasema, hayajawahi kuendesha lori.

Siku aliyokuja Mathieu nilifurahi kama vile msafiri ni mimi. Mathieu hubeba shaba kutoka Fungurume hadi Durban. Mkewe, Rachelle, alikuwa amebakiza majuma mawili ajifungue, baada ya miaka tisa ya kungoja, na mwenye lori hakutaka kusikia habari ya ruhusa. Sasa, kwao akina Mathieu, mtoto hana jina mpaka baba yake amtamkie mwenyewe sikioni. Mama hawezi kumtajia, wala bibi. Mathieu alitaka jambo moja tu: mtoto akizaliwa, sauti yake imfikie.

Nilimrukia kabla hajakaa.

"Tata Mathieu, laini yako ya hapa acha! Ukivuka, unasema allo mara mbili, dola tano zimeenda. Iko laini ya basafiri, inashika inchi mingi, lakini ni dola makumi tatu."

Alikunja uso.

"Basi kamata hii ya Zambia na furushi ya siku saba! Dola tano, unazungumuza saa muzima!"

Mkono wake ulishaingia mfukoni. Mama Darlène alimpigia Samy, dereva mwingine aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani, Kasumbalesa, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie.

"Samy, mulishavuka?"

"Hatuyavuka, mama. Leo njo siku ya nane."

Akaniangalia. Furushi langu linahesabu siku tangu linaponunuliwa; lingekufa kwenye foleni, huku huku Congo, kabla halijasema neno. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu.

Akamuuzia Mathieu laini tupu na kadi mbili za uniti za Zambia, zile za kukwangua, dola nne kila moja. Akazikunja ndani ya karatasi.

"Usikwangue ata moja mpaka mutoto azaliwe. Nitakubipa. Ukiona bip yangu, unapiga kwangu."

Ilibidi apige kwa Mama Darlène kwa sababu simu ya Rachelle ilikuwa mezani kwangu, imekufa, inangoja kifaa kutoka Lubumbashi.

Lori lilipoondoka nikapata ujasiri. "Kutaja jina ni dakika moja, mama. Kadi ya pili ni ya nini? Umemulangua yule baba."

Alipanga laini zake mezani.

Siku ya kumi na nne, saa tatu asubuhi, habari ikatufikia: Rachelle amejifungua msichana! Jamani! Mama Darlène funga mwavuli, mimi acha simu za watu wazi mezani, tukabanana wawili kwenye pikipiki ya taxi-moto mpaka wodi ya wazazi, Dilala. Njia nzima nilikuwa nampigia dereva kelele aongeze mwendo, utadhani mtoto ni wangu.

Rachelle alikuwa amechoka, anacheka. Mathieu alishavuka mpaka siku nne nyuma. Lakini alikuwa wapi, na simu yake ilikuwa na mtandao? Mama Darlène akabipu. Kimya. Akabipu tena. Kimya. Bibi wa mtoto akaanza kusali. Mara ya tatu kioo kikawaka, namba ya Zambia! Nilipiga makofi kwa nguvu mpaka muuguzi akanikemea.

Simu ikawekwa sikioni mwa mtoto. Sote tukainama.

Mathieu akalia. Alilia tu, mwanamume mzima ameegesha shaba yote ile kando ya barabara. Rachelle naye akalia. Nikaona uniti zinayeyuka.

"Taja jina, tata!" nilipaza sauti. "Taja jina, uniti zinaisha!"

Kilio kikaendelea. Kisha simu ikakatika.

"Imekwisha!" Nilishika kichwa. "Mutoto amebaki bila jina!"

Mama Darlène hakuiondoa simu kwenye sikio dogo lile.

"Tulia, Gradi. Ile ya kwanza nilimuuzishia ya kulia. Sasa anakwangua ya pili."

Simu ikaita.

"Myriam," ilisema sauti ya Mathieu, kavu na wazi. "Weye ni Myriam."

Dakika zilizobaki, aliyelia ni Myriam, na baba yake akamsikiliza mpaka kadi ikaisha.