Matofali Yanayokunywa Moshi

Mama wa matofali hugonga kila tofali kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama anayebisha hodi akijua wenyewe wamo. Huyafyatua kwa majivu ya tanuri na vifusi, kisha huyafungia chumbani na moshi wa kiwanda, mpaka hewa ya ukaa iingie ndani na kuwa jiwe. Juzi fundi mwashi alileta ndoo ya maji ayamwagilie yakomae, kama walivyozoea waashi wote. Mama akaisukuma kwa mguu.

“Haya hayanywi maji, kaka. Yanakunywa moshi.”

“Majivu ni majivu tu, dada. Tofali ni langu la saruji.”

“Mdomo haujengi ukuta.” Akampa nyundo. “Piga.”

Fundi akapiga mara tatu, mkono ukafa ganzi. Tofali likabaki zima.

“Sasa piga lako la saruji.”

Fundi akamrudishia nyundo.