Duara la Marcelino

Marcelino alichimba dhahabu Bugarama kwa miaka mingi, na kazi ilimfundisha kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia, ukishalitolea jasho huliachi. Ukitoka leo, mwenzako ataufikia mwamba wenye dhahabu kesho.

Mwaka tisini na saba alikuwa Shinyanga mjini na pesa za bati. Mama yake huko Ushirombo alikuwa akilala chini ya nyasi zinazovuja. Akingoja basi, aliingia kasino ya Chirag, akakaa kwenye mashine ya dadu. Dadu za taa zilizunguka kwenye kioo, zikatulia, zikamnyima.

"Basi lako linapiga honi, Baba Salvina," Chirag alimwambia.

"Nimeshachimba sana hapa. Mwamba uko karibu."

"Humu hamna mwamba, kaka. Kila ukibonyeza inaanza upya, wala haijui kama ulikuwepo."

"Unataka nitoke, uchimbe wewe."

Chirag alicheka, halafu akaacha kucheka. Basi liliondoka.

Mvua ilipoanza kupiga paa, Marcelino hakuwa na hata nauli. Alivua kofia yake akaiweka kitini, kama wachimbaji wanavyoacha nyundo mdomoni mwa duara ili mtu asiingie, akatoka kwenda kutafuta wa kumkopesha.