Foto ya Mawimbi Chini ya Nyangwe

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa fundi wa foto pale Kasongo. Niliwapiga foto watu waliohitaji sura ya kubandika kwenye kitabu cha serikali, na maarusi, na wazee waliotaka wajukuu wawakumbuke. Nilitundika shuka jeupe barazani, nikaweka kiti kimoja, na hiyo ndiyo ilikuwa studio yangu. Nilikuwa mtoto wa mjini, kizazi cha watu wa msikitini, na nilijiona.

Mke wangu alikuwa binti wa wavuvi wa Nyangwe. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza alisema ananuka samaki, na mimi sikumjibu mama. Lakini kazi ya foto tuliifanya wawili. Mimi nilipiga, yeye aliosha karatasi za foto katika chumba cha giza, akaziangalia moja moja na kuniambia, "Huyu umemkata paji la uso," au, "Hapa ulitikisika." Alikuwa na jicho kunishinda. Hilo nalo sikuwahi kumwambia mtu.

Kulikuwa na mzungu mmoja aliyesimamia kazi ya barabara. Siku moja alikuja barazani akaniambia kwamba kwao ni pwani ya bahari, na kwamba wazazi wake wanadhani Kongo ni miti tupu. Alitaka kuwatumia foto ya Lualaba pale chini ya Nyangwe, mahali mto unapobanwa na mawe. Mvua zilikuwa zimejaza mto, na mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya mawe hadi kupita urefu wa nyumba. Mashine yake mwenyewe ya foto ilikuwa imeanguka majini kwenye kivuko.

"Utaweza, fundi?"

"Nitaweza, Bwana," nilisema, kabla hata sijafikiri.

Tulikwenda mimi na mke wangu, naye akapata nafasi ya kuwaona wazee wake. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alitupeleka kwa mtumbwi hadi juu kidogo ya mawe, akaufunga. Nilianza kusikia ngurumo tukiwa bado mbali. Tulipofika, jiwe nililokalia lilikuwa linatetemeka chini yangu.

Ukingoni hapakuonekana kitu zaidi ya mvuke wa maji. Ili uyapate mawimbi vizuri ilibidi utembee juu ya ulimi wa mwamba ulioingia mtoni, wenye utelezi, upana wake kama mkeka. Nilikwenda hatua nne, labda tano. Wimbi likapasuka mbele yangu, maji yakanipiga usoni. Nilirudi kwa magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, mashine ikining'inia shingoni. Shemeji aliona yote. Aligeuza uso akajifanya anakaza kamba ya mtumbwi.

Mke wangu hakucheka. Alisema tu, "Lete."

Aliivua mashine shingoni mwangu, akaifunga kifuani kwa kitambaa chake cha kichwa, akavua viatu. Alikwenda taratibu mpaka mwisho wa mwamba, akasimama pale maji yakimwagika pande zote mbili. Kwa muda mrefu hakupiga. Nilipiga kelele, "Piga, urudi!" Hakunisikia, au hakutaka. Baadaye aliniambia kwamba maji yale yanapumua kama mtu, na alikuwa anangoja yavute pumzi. Alipiga mara sita, akizungusha filimu kila mara bila kukosea, akarudi amelowa hadi kiunoni.

Foto ya nne ndiyo iliyotoka. Wimbi limesimama juu ya jiwe jeusi kama mnyama aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, na kila tone linaonekana. Sijawahi kupiga foto kama ile maishani mwangu.

Mzungu alipoiona alinishika mkono mbele ya watu barabarani, jambo ambalo wazungu hawakulifanya siku zile. Akamgeukia mke wangu aliyekuwa mlangoni. "Mama, bwana yako ni mutu wa moyo sana!"

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Mke wangu alinitazama kidogo, kisha akaingia ndani kuandaa chai.

Ningenyamaza tu, labda aibu ingekuwa ndogo. Lakini nilitundika nakala nyingine ya foto ile barazani, na kila mteja aliyeuliza nilimsimulia nilivyosimama kwenye ule mwamba. Kila wiki nilizidisha. Nilisema nilifunga mashine kwa kilemba changu. Nilisema maji yanapumua. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia anaosha karatasi, anasikia maneno yake yakitoka kinywani mwangu.

Msimu wa mvua uliofuata, mzungu alipata mashine mpya. Alitaka nimpeleke palepale nimfundishe. Tukaenda tena kwa mtumbwi wa shemeji, na mke wangu akatufuata na chakula. Mzungu alipokuwa ananisifu kwa ujasiri wangu, shemeji hakuweza kuvumilia.

"Bwana, ile foto ni dada yangu alipiga. Mimi nilikuwa hapa. Huyu aliogopa."

Mzungu alinitazama. Nilicheka. "Shemeji yangu anapenda mchezo, Bwana."

"Si mchezo!" shemeji alisema. "Uliza mwenyewe. Dada iko hapa."

Mzungu akamwuliza. Mke wangu alitua kapu la chakula chini. Alinitazama usoni. Kisha akasema, "Mimi? Mimi niko mwanamuke tu, Bwana. Ile mashine hata kuishika sijui."

Mzungu akacheka akamtikisia shemeji kidole, kama unavyomkanya mtoto mwongo. Shemeji, mtu mzima mwenye watoto sita, aliinamisha kichwa. Mzungu aliponiambia nimwonyeshe pa kusimama, nilisingizia kwamba goti linaniuma.

Tulirudi Kasongo kwa miguu, mke wangu akitangulia. Njiani nilisema, "Mama, asante."

Hakusimama. "Usinishukuru. Sikusema kwa ajili yako. Sikutaka wanangu waitwe watoto wa mwongo."

Tangu siku ile hakuingia tena chumba cha giza. Wake za watu wa mjini, ambao waume zao hawakupenda wakae mbele ya mwanamume, waliomba apige yeye. Nilimsihi. Alijibu, "Mashine ni ya fundi," akaendelea kuchambua mchele. Shemeji naye hakukanyaga nyumbani kwetu, na nilipokwenda Nyangwe alinisalimu kama anavyomsalimu mpita njia.

Mama yao, mkwe wangu, alipofariki, nilikwenda msibani Nyangwe. Siku ya kuondoa tanga, watu wakiwa wameketi, nilisimama nikasema yote: mwamba, magoti, mikono, kitambaa cha kichwa, hata jibu la mke wangu kwa mzungu. Hakuna aliyecheka. Mke wangu aliinuka akatoka, na nilipomfuata aliniambia, "Uliniuliza kama nataka kusemwa? Sasa kila mutu anajua nilimufanya kaka yangu mwongo mbele ya muzungu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimewaza mzigo wangu tu.

Shemeji alinikuta nimesimama peke yangu karibu na nyavu. "Mimi sikuhitaji kuambiwa," alisema. "Nilikuwepo. Muzungu ndiye aliniona mwongo. Nenda ukamuambie yeye."

"Amekwisha rudi Ulaya, shemeji. Ni mwaka wa pili sasa."

Akatikisa kichwa, akaondoka kwenda kuwagawia wageni samaki. Nami nilibaki pale, na nitasema kweli, moyo wangu ulipoa. Nilifurahi kwamba yule mzungu yuko mbali, na kwamba huko aliko bado ananidhania mtu wa moyo.