Picha Namba Arobaini na Moja

Kwetu Cache, kwa sisi Wakomanche, bibi mzaa mama na mjukuu wake wanaitana kwa neno moja. Mimi nilimwita Kaku, naye aliniita Kaku, na mgeni akisikia "Kaku, kalete maji" hakujua nani anatumwa. Aliyetumwa nilikuwa mimi siku zote. Jina lake la shule lilikuwa Cleta, na hilo ninaliandika bila wasiwasi. La Kikomanche nitaliacha lilipo, kwa sababu amekwisha kufa, na kwetu jina la marehemu halitajwi ovyo.

Desturi hiyo naiheshimu. Lakini ndiyo iliyotuponza, na sitajifanya sina kinyongo nayo.

Kaku alizaliwa mwaka 1912, magharibi ya Lawton. Alipokuwa na miaka sita, mama yake alikufa katika yale mafua makubwa yaliyofagia watu nyumba hadi nyumba. Bibi yake akafanya inavyopasa. Alikata nywele zake kwa kisu, akakusanya kila kilichokuwa cha marehemu, magauni, shali, tandiko la farasi, hata sufuria, akavichoma nyuma ya nyumba ili aliyekwenda asiwe na cha kurudia. Ikabaki picha moja, iliyopigwa mjini na Mzungu mwenye duka la picha na kubandikwa kwenye kadi ngumu. Hiyo akampa mtoto mkononi, akamwambia aitie motoni yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwana. Kaku akaitia. Aliniambia kadi haikushika moto upesi, ilianza kujikunja pembeni, na alipotaka kuutazama ule uso kwa mara ya mwisho, bibi yake alimgeuza kichwa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtajia mama yake, jina wala sura. Uso ukamtoka kichwani kidogo kidogo, ukaisha. Alichobaki nacho ni mikono. Kidole cha tatu cha mkono wa kulia kilipinda, kilivunjwa na kamba ya farasi, na Kaku aliweza kukusimulia kidole hicho kikipukuchua mahindi mpaka ukakiona.

Usidhani alikuwa mtu wa kununa. Alifua nguo za askari kambini Fort Sill miaka ishirini, akazaa watano, akazika wawili, akamzika na mume, na bado hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa utani. Mtani wake mkuu alikuwa Weldon, mdogo wa marehemu mumewe, na kwetu shemeji hahurumiwi. Aliwahi kumshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi. Weldon akaivaa kanisani makusudi, na kila aliyecheka akamwelekeza kwa fundi.

Februari ya mwaka 1979, msichana mmoja wa chuo kikuu alileta masanduku ya picha kwenye ukumbi wa kanisa. Zilikuwa kama mia mbili, za watu wetu na majirani zetu Wakiowa, Waapache na Wawichita, zilizopigwa zamani na kusahauliwa stoo. Alizipanga mezani, kila moja na namba yake, akawaomba wazee wamwambie nani ni nani. Alikuwa na adabu zake, na penseli nyuma ya sikio, na nadhani alitarajia kujaza daftari kabla ya chakula. Kufikia mchana alikuwa na majina matatu na vichekesho vingi. Kadi moja iliandikwa "Shujaa wa Kikomanche", na mzee mmoja akasema huyo ni Mwichita mkulima, tazama alivyoshiba mahindi. Mkiowa mmoja aliyealikwa akadai kila aliye mzuri mezani pale ni wa kwao. Lakini walipofika kwa mtu waliyemjua hasa, waliinama, wakatazama, wakasogea mbele kimya. Msichana alidhani wamesahau. Hawakuwa wamesahau hata mmoja.

Kaku aliamka alfajiri siku hiyo, akavaa shali yake nzuri na miwani mpya. Garini akaniambia, "Leo nitamwona."

Nikamwuliza nani. Wakati mwingine nina akili za kuku.

"Aliyenizaa," akasema.

Hakukusudia kumwuliza mtu. Kuuliza kungekuwa kumlazimisha mwenzake amtaje marehemu mbele ya mwanawe, na hilo asingemfanyia hata adui. Angekitambua kile kidole mwenyewe. Basi akapita meza kwa meza akitazama mikono ya wanawake, mimi nikimfuata na kiti.

Kwenye namba arobaini na moja alikawia. Ilikuwa picha ya mwanamke kijana aliyejitanda shali, amesimamisha mbele yake mbeleko ya mbao yenye ncha mbili juu, mtoto yumo ndani. Mikono yote miwili ilikuwa nyuma ya mbeleko, haionekani. Kaku akaiokota. Weldon alikuwa pale karibu na kikombe chake cha kahawa.

"Shemeji," Kaku akamwambia, "mrembo huyu nani? Usiniambie ulimtaka akakukataa."

Sote tulingoja jibu, maana Weldon hakuwahi kushindwa kujibu. Aliitazama picha. Akamtazama Kaku.

"Simjui," akasema. Akaweka kikombe mezani, akatoka nje kwenye baridi bila kofia. Vikongwe wanne waliokaa meza ile wakainamisha macho.

"Nimemuudhi mzee wa watu," Kaku akasema, akacheka kidogo, akairudisha picha mahali pake. Akaenda namba arobaini na mbili. Akafika ya mwisho, akaanza tena ya kwanza. Jioni msichana alipofunga masanduku yake, Kaku ndiye aliyemshikia kamba.

Tulikuwa tumevuka daraja ndipo aliposema, "Kumbe ilikuwa moja tu, na niliichoma mimi." Kisha akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa miaka sita. Nilikuwa na miaka thelathini na sikuwahi kumwona akilia. Nilishika usukani nikatazama barabara, na mpaka leo najilaumu sikusimamisha gari.

Ikapita miaka sita. Sukari ilichukua vidole vya miguu vya Kaku, kisha ikachukua macho. Ilipofika 1985 alijua kumekucha kwa joto la dirisha tu. Siku moja ya mwezi wa kumi Weldon alituletea kuni, Kaku akiwa amelala, nami nikamwambia kwamba kinachomuumiza bibi yangu si upofu. Kinachomuumiza ni kwamba alikuwa na macho siku ile ya picha, akazipitia zote, na asimpate mama yake.

Weldon alikuwa na miaka themanini na miwili. Alikaa kwenye ngazi taratibu.

"Hakumpata?" akasema. "Si alimshika mkononi?"

Nikamwambia sielewi.

"Ile aliyonionyesha mimi. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na kijito tu, yule mama ningemsahauje? Nilidhani amemtambua. Nilidhani anatania ili asilie mbele za watu. Sasa mimi nimtajie mtu mama yake aliyekufa, tena katikati ya utani? Ningekuwa mtu gani?"

Nilimwambia maneno ambayo mzee haambiwi. Nilipomaliza nikauliza habari za wale vikongwe wanne. Akasema wote walijua. Wote walidhani kama yeye, na walirudi nyumbani siku ile wakimsifu Kaku kwa ujasiri.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Weldon alijaribu. Alimwomba mpwa wake ampeleke kwa gari mpaka chuoni, akarudi na nakala. Jumamosi alikuja kwetu, akaweka majani ya mwerezi juu ya kaa la moto, akajifukiza, akanifukiza mimi, akamfukiza Kaku, kwa kuwa alikuwa karibu kufanya lisilofanywa. Halafu akakaa kando ya kitanda, akalitaja jina. Kaku hakuwa amelisikia kwa miaka sitini na saba. Alishtuka kama aliyeitwa yeye.

"Namba arobaini na moja, shemeji," Weldon akasema. "Ndiye yule."

Kaku akanyoosha mkono, nikampa. Akaipapasa karatasi upande mmoja, akaigeuza, akaipapasa upande wa pili. Pande zote mbili zilikuwa laini.

"Mikono yake?" akauliza.

Nikamwambia iko nyuma ya mbeleko.

"Ndiyo maana." Akaipapasa tena. "Mara mbili nimemshika, na mara mbili nimemwachia."

Weldon akaanza kulia. Kaku akamwambia anyamaze, asimlowanishie blanketi, halafu akaniambia nimweleze mama yake alivyo. Nilijitahidi. Nilitaja paji la uso, mashavu, nywele zilizotenganishwa katikati, na kila nililosema lingeweza kuwa la mwanamke yeyote. Macho nilikuwa nayo mimi na yalikuwa hayamfai kitu.

Akanikatiza. "Anamtazama mpiga picha?"

"Hapana. Ameinamisha macho. Anamtazama mtoto."

"Mtoto wa nani huyo?"

Sikuwa nimewaza kuuliza. Nikamgeukia Weldon.

"Ni wewe," Weldon akasema. "Hakuzaa mwingine."

Kaku akaisimamisha picha juu ya magoti yake, akaniuliza kama imemwelekea. Nikaigeuza kidogo, nikamwambia imemwelekea. Akapapasa meza mpaka akapata kitana. Akatenganisha nywele zake nyeupe katikati, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akauinua, akatuuliza kama yuko nadhifu.